Baarle: mji mmoja, nchi mbili, visiwa thelathini vya nchi kavu

Katika mtaa wa Loveren, mjini Baarle, ipo nyumba yenye mlango mmoja wa mbele na namba mbili. Namba 19 ni ya Uholanzi, namba 2 ni ya Ubelgiji, na mpaka wa kimataifa unapita katikati ya mlango wenyewe. Watalii huupiga picha, hucheka, kisha huuliza swali lile lile: nani aliuchora mpaka huu, na siku hiyo alikuwa amekunywa nini?

Hakuna aliyeuchora. Hilo ndilo la kushika kwanza, na ukilishika mengine yote yanaanza kueleweka. Mipaka mingi tunayoijua ilianza kama mstari kwenye ramani, halafu watu wakaambiwa wako upande gani. Baarle ilikwenda kinyume. Kwanza palikuwa na mashamba, na watu waliokuwa wakiwalipa kodi mabwana wawili tofauti. Mstari ulikuja karne nyingi baadaye, ukalazimika kuyazunguka mashamba hayo moja baada ya jingine. Kinachoonekana leo kama vurugu ya wapima ardhi ni hesabu za kodi za karne ya 12 zilizosahauliwa mezani hadi zikageuka mpaka wa nchi.

Hesabu ya vipande

Baarle iko kusini mwa Uholanzi, kati ya Breda na Tilburg upande wa kaskazini na Turnhout ya Ubelgiji upande wa kusini. Mpaka wa kawaida wa nchi hizo mbili, ule unaouona kwenye atlasi ya shule, unapita kilomita 5 hivi kusini ya mji. Kwa hiyo ukitazama atlasi utadhani Baarle yote ni ya Uholanzi.

Sivyo. Mji huo mmoja una halmashauri mbili. Baarle-Nassau ni ya Uholanzi, katika mkoa wa Noord-Brabant. Ina watu karibu 7,000 na eneo la kilomita za mraba 76 hivi, ukihesabu na vijiji vya Ulicoten na Castelré. Baarle-Hertog ni ya Ubelgiji, katika mkoa wa Antwerpen. Ina watu karibu 3,000 na eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 7.5. Kila moja ina meya wake, baraza lake la madiwani, kanisa lake na msimbo wake wa posta: barua ya Kiholanzi inaandikwa 5111, ya Kibelgiji 2387. Jirani wa ukuta kwa ukuta anaweza kupigiwa simu kwa namba ya nchi ya kigeni. Lugha, hata hivyo, ni moja: Kiholanzi chenye lafudhi ya Brabant, pande zote.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo kichwa huanza kuuma. Baarle-Hertog haijakaa mahali pamoja. Sehemu yake moja, Zondereigen, imeungana na Ubelgiji yenyewe kama wilaya yoyote ya kawaida, na kuna vipande vingine vitatu vinavyogusa mpaka. Vilivyobaki ni vipande 22 vilivyotawanyika ndani ya ardhi ya Uholanzi, kila kimoja kikiwa kama kisiwa kilichozungukwa na nchi nyingine pande zote. Wataalamu wa ramani wamevipa majina H1 hadi H22. Kikubwa kuliko vyote, H1, kina ukubwa wa hekta 150 na ushei, nacho ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya katikati ya mji. Vidogo havifiki hata hekta moja. Ni shamba tu.

Laiti yangeishia hapo. Ndani ya H1 kuna vipande sita ambavyo ni vya Uholanzi, na ndani ya H2 kuna kimoja zaidi. Yaani uko Uholanzi, unaingia Ubelgiji, unatembea kidogo, unaingia Uholanzi tena, na Uholanzi hiyo ya pili haijagusana na ile ya kwanza. Kipande cha nane cha Kiholanzi kimezungukwa na ardhi ya Zondereigen. Jumla: visiwa 22 vya Ubelgiji na 8 vya Uholanzi.

Msomaji aliyeko Maskat au Dubai ana mfano wa karibu zaidi. Ukitoka Fujairah kwenda Khor Fakkan unapita jirani na Madha, ambayo ni ardhi ya Oman iliyozungukwa kabisa na Falme za Kiarabu. Na ndani ya Madha kuna kijiji cha Nahwa, ambacho ni cha Sharjah. Ni mchezo ule ule, ila umechezwa mara moja tu. Kwa miaka mingi bingwa wa dunia wa jambo hili alikuwa mpaka wa India na Bangladesh, wenye vipande zaidi ya mia na hata kimoja kilichokuwa India ndani ya Bangladesh ndani ya India ndani ya Bangladesh. Nchi hizo mbili zilibadilishana vipande vyao usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 2015. Tangu hapo, Baarle na Nahwa ndizo zilizobaki peke yake zenye kisiwa ndani ya kisiwa, na kwa wingi Baarle haina mpinzani.

Mchanga uliowatawanya watu

Kabla ya kuwalaumu wafalme, ni vizuri kuitazama ardhi, kwa sababu ardhi yenyewe ilichangia. Eneo hili linaitwa Kempen: uwanda wa mchanga, tambarare, usio na rutuba ya kujivunia. Vijito vidogo kama Merkske huupitia taratibu kuelekea mto Mark, na kandokando yake kuna majani mabichi ya kulishia. Kwingineko, katika enzi za kati, palikuwa na nyika ya vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau, nzuri kwa kondoo na nyuki, mbaya kwa nafaka.

Mkulima wa Kempen hakuweza kulima popote alipotaka. Alitafuta mgongo wa mchanga ulioinuka kidogo, mahali ambapo maji hayasimami, akajenga hapo na wenzake wachache. Ili shamba lizae ilibidi lilishwe: walikwenda nyikani, wakakata mabapa ya udongo pamoja na majani yake, wakayatandika zizini chini ya ng'ombe na kondoo, na baadaye wakayatoa yakiwa yameloa samadi na kuyamwaga shambani. Kazi hiyo ilirudiwa kizazi baada ya kizazi, hadi sehemu nyingi za mashamba ya zamani ya Kempen zimeinuka kuliko ardhi iliyo kando yake. Shamba lilikuwa mali iliyotengenezwa kwa mikono, na nyika iliyolizunguka ilikuwa ghala la mbolea.

Matokeo yake ni kwamba makazi hayakuungana. Palikuwa na vitongoji, Loveren, Nijhoven, Oordeel, Boschoven, Reth, kila kimoja na mashamba yake machache, na katikati yake nyika tupu. Ukiweka jambo hilo akilini, vile vipande 22 vinaacha kuwa kioja. Vingi vyake vilikuwa visiwa vya kilimo kwenye bahari ya vichaka kabla hata hakujawa na mtu wa kuviita vya nchi gani.

Mwaka 1198

Mwishoni mwa karne ya 12, Hendrik wa Kwanza, Duke (yaani mtawala) wa Brabant, alikuwa anajitanua kuelekea kaskazini, na mpinzani wake mkubwa huko alikuwa mtawala wa Holland, ambayo wakati huo ilikuwa eneo la pwani tu, si Uholanzi yote. Katikati yao alikaa Godfried van Schoten, bwana wa Breda, mtu mwenye ardhi lakini asiye na nguvu za kusimama peke yake. Mwaka 1198 Godfried na Duke walipatana. Godfried alimkabidhi Duke ardhi yake, na Duke akamrudishia ardhi hiyo hiyo aishike kwa niaba yake, kwa masharti ya utiifu na msaada wa kijeshi. Ndivyo ukabaila ulivyofanya kazi: unatoa ulicho nacho ili urudishiwe kikiwa na mlinzi.

Katika mapatano hayo Godfried aliongezewa ardhi upande wa Baarle. Lakini Duke hakutoa kila kitu. Mashamba yaliyokuwa yamekwisha kulimwa, yenye watu waliokuwa tayari wakimlipa yeye, alijibakizia. Alichompa Godfried kilikuwa hasa kile kilichobaki: nyika, ardhi isiyolimwa, ambayo bwana wa Breda angeweza kuwaweka watu wake na kuwatoza kodi yake. Kwa Duke yalikuwa mapatano ya busara. Aliyaacha mapato yake palepale yalipo na kugawa kisichomwingizia kitu.

Wakati huo hakuna aliyeona tatizo, na kweli halikuwepo. Bwana wa zama hizo hakutawala eneo kama dola ya leo inavyotawala. Alitawala watu na haki: huyu ananilipa nafaka, yule ananipa siku kadhaa za kazi, kesi ya fulani inakuja kwangu. Majirani wawili kuwa na mabwana wawili lilikuwa jambo la kawaida kote Ulaya. Isitoshe, bwana wa Breda mwenyewe alikuwa chini ya Duke. Yote yalikuwa ndani ya Brabant.

Sehemu ya Duke ndiyo iliyokuja kuitwa Baarle-Hertog, maana hertog kwa Kiholanzi ni duke. Ile nyingine ilipata jina lake baadaye: mwaka 1403 Engelbert wa Nassau alimwoa Johanna van Polanen, mrithi wa Breda, na kwa ndoa hiyo Breda ikaingia mikononi mwa ukoo wa Nassau, uliokuja kuzaa familia ya kifalme ya Uholanzi.

Jinsi mipaka ya mashamba ilivyopanda cheo

Mwaka wa hatari ulikuwa 1648. Vita vya Miaka 80 kati ya Waholanzi na mfalme wa Hispania viliisha kwa amani iliyotiwa saini Münster. Breda na ardhi zake zote zilikwenda kwa Jamhuri mpya ya Uholanzi. Turnhout, ambayo sehemu ya Duke huko Baarle ilikuwa chini yake, ilibaki upande wa Hispania. Kwa saini hiyo, tofauti ya nani analipa kodi kwa nani ikawa tofauti ya dola na dola, na ya dini na dini.

Hili la dini halisemwi sana na linastahili. Jamhuri ya Uholanzi ilikuwa ya Kiprotestanti, na Wakatoliki walikatazwa kusali hadharani. Lakini wakazi wa Baarle, pande zote, walikuwa Wakatoliki. Bahati ikawa kwamba kanisa la Mtakatifu Remigius lilisimama kwenye ardhi ya Baarle-Hertog. Raia wa Jamhuri waliweza kuvuka barabara na kusikiliza misa katika nchi ya mfalme wa Hispania, kisha wakarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Kwa vizazi kadhaa, kile tunachokiona leo kama usumbufu kilikuwa uhuru wao wa kuabudu.

Kulikuwa na nafasi mbili nzuri za kusafisha mambo. Ya kwanza ni wakati Wafaransa walipozimeza nchi zote mbili, moja mwaka 1795 na nyingine mwaka 1810. Ya pili ni kati ya 1815 na 1830, pale Uholanzi na Ubelgiji zilipokuwa ufalme mmoja chini ya Willem wa Kwanza. Katika miaka hiyo 15 mpaka wa Baarle haukuwa wa kimataifa hata kidogo. Ulikuwa wa mikoa miwili ya nchi moja. Karani mmoja mwenye kalamu na ari angeumaliza. Lakini jambo lisilomuumiza mtu kichwa hubaki hivyo hivyo, na mwaka 1830 Wabelgiji wakaasi na kujitenga, vipande vikiwa bado vimetapakaa.

Tume ya mipaka iliyofuata ilifanya kazi kwa uaminifu. Ilitoka upande mmoja ikipanda nguzo za mpaka kwa namba, hadi ikafika nguzo ya 214, jirani na Baarle. Hapo ikasimama. Hapakuwa na mstari wa kufuata. Katika mkataba uliosainiwa Maastricht mwaka 1843 wakaamua kuacha pengo kati ya nguzo ya 214 na ya 215, na badala ya kuchora mstari wakaandika orodha: viwanja 5,732, kimoja kimoja, kila kimoja kikitajwa ni cha halmashauri ipi. Kuanzia nguzo ya 215 mpaka ukaendelea kama kawaida.

Ndiyo maana nasema hakuna aliyeuchora. Kwa zaidi ya karne nzima mpaka wa kimataifa hapa ulikuwa majedwali. Upimaji kamili wa mistari yenyewe haukukamilika hadi mwaka 1995.

Viwanja namba 91 na 92

Orodha ndefu haikosi kosa, na hii ililipeleka jambo mbali. Kabla ya mkataba wa 1843, mameya wa halmashauri mbili walikuwa wameandaa, mwaka 1841, waraka wa pamoja wa kugawana viwanja. Nakala iliyohifadhiwa upande wa Uholanzi ilisema viwanja namba 78 hadi 111, katika eneo la Zondereigen, vyote ni vya Baarle-Nassau. Maelezo ya kina yaliyoambatishwa na mkataba wa 1843 yalidai kuunakili waraka huo neno kwa neno, lakini yalisomeka tofauti: 78 hadi 90 ni vya Baarle-Nassau, 91 na 92 ni vya Baarle-Hertog, 93 hadi 111 ni vya Baarle-Nassau.

Uholanzi ikasema: ni kosa la mwandishi, kila mtu anaona. Na hata kama si kosa, sisi ndio tumetoza kodi ya ardhi pale na kusajili mauzo kwa miaka yote hii. Ubelgiji ikasema: mkataba ni mkataba. Nchi hizo mbili, zenye urafiki kamili, zilikubaliana mwaka 1957 kulipeleka suala hilo la viwanja viwili vya mashamba mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague.

Hukumu ilitolewa tarehe 20 Juni 1959, kwa kura 10 dhidi ya 4: viwanja ni vya Ubelgiji. Majaji walisema tume ya 1843 ilikuwa na mamlaka ya kuamua, na ilichoandika kilikuwa uamuzi wake. Haikuthibitika kwamba ni kosa la kunakili. Kuhusu kodi na usajili, walisema hayo ni mambo ya kiutawala ya kila siku, hasa katika mahali palipochanganyika namna hii, na hayatoshi kuiondolea Ubelgiji mamlaka yake. Kulikuwa na ushahidi mwingine uliowaumiza Waholanzi: mwaka 1892 nchi hizo zilisaini mapatano ambayo hayakuwahi kuridhiwa, ambamo Ubelgiji ingekabidhi viwanja hivyo viwili kwa Uholanzi. Huwezi kukubali kupewa kitu na mtu halafu useme hakikuwa chake.

Wanafunzi wa sheria ya kimataifa wanaisoma kesi hii hadi leo, nami naona wana haki. Inafundisha kwa viwanja viwili jambo ambalo vita vimeshindwa kulifundisha kwa mikoa mizima: kwamba kuzoea kukaa mahali si sawa na kupamiliki.

Ubelgiji ambayo haikukaliwa

Agosti 1914 Ujerumani iliivamia Ubelgiji na kuikalia karibu yote. Uholanzi ilitangaza kutoegemea upande wowote, na Ujerumani ikaiheshimu hatua hiyo. Sasa fikiria vile visiwa. Zondereigen, kwa kuwa imeungana na Ubelgiji, iliangukia mikononi mwa Wajerumani. Lakini ili wavifikie vipande 22 vilivyobaki, iliwabidi wakanyage ardhi ya Uholanzi, jambo lililomaanisha vita na nchi nyingine. Hawakwenda. Katikati ya Baarle pakabaki Ubelgiji huru, yenye meya wake na bendera yake, nyuma ya mstari wa adui.

Wabelgiji hawakuiacha nafasi hiyo ipite. Mwaka 1915 jeshi lao lilisimamisha kituo cha redio kwenye kisiwa kimojawapo, kikinasa mawasiliano ya Wajerumani na kuyapeleka kwa washirika. Waholanzi walijikuta pabaya: kituo kilikuwa kwenye ardhi ambayo si yao, lakini kimezungukwa na ardhi yao, nao wameahidi kutomsaidia yeyote. Suluhisho lao lilikuwa uzio. Walivizungushia vipande vya Ubelgiji na kusimamia kila kinachoingia na kutoka.

Kusini kidogo, Wajerumani nao walikuwa na uzio wao, na huo haukuwa wa mzaha. Kuanzia 1915 walisimamisha waya wenye umeme wa volti 2,000 kufuata mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi, ili kuzuia wakimbizi, wapelelezi na vijana waliotaka kwenda kujiunga na jeshi. Watu wengi wa vijijini hawakuwa wamewahi kuona umeme. Mamia walikufa wakijaribu kupita. Wasafirishaji wa magendo walibuni fremu za mbao na mapipa yasiyo na matako ya kuutanulia waya ili mtu apenye katikati bila kuugusa. Sehemu ya waya huo imejengwa upya Zondereigen, mahali ulipopita.

Vita vya pili havikuacha upenyo kama huo, kwa sababu Mei 1940 Ujerumani ilizivamia nchi zote mbili kwa pamoja. Waliokuja kuikomboa Baarle, Oktoba 1944, walikuwa Wapolandi wa Divisheni ya Kwanza ya Vifaru.

Siagi, mlango na utepe

Amani iliporudi, wakazi waligundua upya kile ambacho babu zao walikijua: pakiwa na sheria mbili mtaa mmoja, tofauti yake ni biashara. Katika miaka ya 1950 na 1960 siagi ya Uholanzi ilikuwa nafuu kuliko ya Ubelgiji, na Baarle ikawa mojawapo ya njia kuu za magendo yake. Unaingiza mzigo mlango wa mbele ukiwa Uholanzi, unautoa mlango wa nyuma ukiwa Ubelgiji, na afisa wa forodha anabaki kutazama nyumba tu. Masharti ya Benelux, umoja wa Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, na baadaye soko la pamoja la Ulaya, ndiyo yaliyoua biashara hiyo, polisi hawakuiweza.

Kanuni inayowasaidia watu kuishi ni ya mlango wa mbele. Nyumba iliyokatwa na mpaka huhesabiwa kuwa ya nchi ile ambayo mlango wake mkuu unafungukia, na huko ndiko wenyewe wanakoandikishwa na kulipa kodi. Ardhi iliyo chini ya jikoni inaweza kuwa ya nchi nyingine, haijalishi. Bila shaka watu walishaona mapema kwamba mlango ni kitu kinachohamishika. Ukibadilisha dirisha kuwa mlango na mlango kuwa dirisha, umehama nchi bila kufunga sanduku. Katikati ya mji mpaka umewekewa alama za misalaba kwenye vibao vya njia ya miguu, NL upande mmoja na B upande mwingine, na mikahawa kadhaa ina meza zilizokaa nchi mbili. Wenyeji wanasimulia kwamba zamani, saa ya kufunga migahawa ilipofika mapema upande wa Uholanzi, wateja waliinuka tu na glasi zao wakahamia meza za Ubelgiji. Tangu Januari 2014 kijana wa Uholanzi haruhusiwi kununua bia hadi afike miaka 18. Ubelgiji inamruhusu akiwa na 16. Mwenye baa ya mpakani ana kazi ya ziada.

Machi 2020, wakati wa korona, hali hii ilijitokeza wazi kuliko wakati wowote wa siku za karibuni. Ubelgiji iliamuru maduka yasiyo ya lazima yafungwe. Uholanzi haikufanya hivyo. Duka moja la nguo lililokatwa na mpaka lilizungushia utepe upande wake wa Kibelgiji na kuendelea kuuza upande wa Kiholanzi. Nguo zilikuwa za kampuni moja, chini ya paa moja, na mteja angeweza kuzigusa kwa kunyoosha mkono, lakini kisheria zilikuwa zimefungiwa.

Kwa nini wasibadilishane yaishe?

Swali hili ni halali, kwa sababu nchi hizi mbili zinajua kubadilishana ardhi. Mto Maas ulioko kusini mashariki ulinyooshwa zamani kwa ajili ya meli, ukaacha vipande vya Ubelgiji vimeng'ang'ania ukingo wa Uholanzi. Siku moja ilipatikana maiti isiyo na kichwa kwenye kipande kimoja, na polisi wa Ubelgiji wakalazimika kuifuata kwa mashua. Nchi hizo zikakaa, zikaandika mkataba, na kuanzia tarehe 1 Januari 2018 zikabadilishana vipande hivyo kwa amani kabisa.

Lakini pale mtoni hapakuwa na wakazi. Baarle ina maelfu. Kubadilishana kungemaanisha kumwambia mtu aliyezaliwa, kusoma na kuchangia pensheni Ubelgiji kwamba kuanzia Jumatatu bima yake, shule ya mwanawe na kodi ya nyumba yake ni za Uholanzi, au kinyume chake. Isitoshe mpaka wenyewe umekuwa mtaji. Watu husafiri kuja kusimama na mguu mmoja huku na mwingine kule, na wakishasimama hununua kahawa. Reli ya zamani ya Tilburg na Turnhout, iliyofunguliwa mwaka 1867, sasa ni njia ya baiskeli, na siku ya jua inawaleta wageni wengi.

Kwa hiyo wameamua kuishi nao. Tangu 1998 halmashauri mbili zina chombo cha pamoja kinachokutanisha wawakilishi wa pande zote kuhusu barabara, ujenzi na utamaduni. Maktaba na kituo cha utamaduni ni vya wote. Mkataba wa polisi wa Benelux ulioanza kutumika Oktoba 2023 umerahisisha askari wa nchi moja kufanya kazi katika nchi jirani. Si jambo dogo kwa askari wa Baarle-Hertog: akitoka kisiwa kimoja kwenda kingine lazima apite nchi ya kigeni akiwa na bastola kiunoni.

Yapo mambo ambayo chombo cha pamoja hakiwezi kuyagusa, kwa kuwa sheria zake zinatungwa Brussels na The Hague. Fataki ni mfano mzuri. Maduka ya Baarle-Hertog huziuza mwaka mzima, zikiwemo kubwa ambazo Uholanzi imezipiga marufuku. Kila Desemba Waholanzi humiminika kutoka kila upande kuja kuzinunua, na wakishafunga buti la gari tu wako nchini mwao na mzigo haramu. Polisi wa Uholanzi hawawezi kuingia dukani kumzuia muuzaji, wala hawana la kumfanya mnunuzi akiwa bado kwenye maegesho ya Kibelgiji. Wanachofanya ni kusimama kwenye barabara zinazotoka mjini na kufungua mabuti.